Shangazi Amekalia

Watu wa vitabu watakwambia jina la bidhaa hutengenezwa ofisini, kwa rangi nzuri na herufi za kupendeza. Waongo! Au tuseme hawajui, maana kumwita mtu mwongo kabla hata hatujazoeana ni utovu wa adabu. Mimi ninachojua ni kwamba jina la lile godoro lilitengenezwa na makalio ya mwanamke mmoja, na mwanamke huyo alikuwa shangazi yake Mama Jina.

Mama Jina mwenyewe hakuwa na mtoto. Waliompa jina hilo ni washonaji wa pale kiwandani, kwa utani. Siku aliporudi kutoka masomoni, marehemu baba yake, mwenye kiwanda, alimsimamisha mbele ya wafanyakazi akasema, "Kaka yake atauza, huyu atatunza jina." Washonaji wakaulizana: jina linatunzwaje jamani, linaogeshwa? Linanyonyeshwa? Wakacheka mpaka wakashika mbavu. Tangu hapo akawa Mama Jina, naye akalipokea, kwa sababu kusema kweli kazi yake ilikuwa ulezi mtupu. Jina la bidhaa ni kama mtoto wa miaka miwili, ukigeuka tu limeshatia kidole mahali.

Kiwanda chenyewe kilikuwa jengo refu la mabati nyuma ya soko la mbao. Upande wa ndani kabisa dawa zilichanganywa na kumiminwa kwenye sanduku kubwa, zikafura, zikapanda, zikawa bonge la sponji lenye urefu wa mtu. Katikati walikaa wakataji. Wakafuata washonaji, wakivika kila godoro kava la mistari ya kahawia. Na mwisho, pale mlangoni ambapo lori lilirudi kinyumenyume kupakia, palikuwa na jukwaa la mbao, na juu ya jukwaa alikuwepo Shangazi.

Kazi ya Shangazi ilikuwa kukaa. Usicheke, wenzako walicheka wakaishia kununua. Godoro likiwekwa jukwaani, Shangazi aliketi katikati yake taratibu, akakunja mikono kifuani, akatazama juu kama mtu anayejaribu kukumbuka kitu. Likimbeba, alisema, "Liende." Likimmeza, alisema, "Hapana." Hakutoa maelezo, wala hukumu yake haikuwa na rufaa. Alikuwa mwanamke mnene, na si unene wa kuombea radhi. Unene wake uliingia chumbani kwanza, yeye akafuata baadaye na kusalimia.

Kazi hiyo alipewa na kaka yake zamani, walipokuwa bado wakishona magodoro sebuleni. "Dada, hebu kaa hapo tuone," alimwambia. "Likikubeba wewe, litambeba yeyote." Mzaha ukawa mazoea, mazoea yakawa sheria, na mzee alipofariki hakuna aliyethubutu kuigusa sheria hiyo. Hakukuwa na mizani wala kipimo kingine pale kiwandani. Kipimo kilikuwa Shangazi.

Sasa, mzee aliliita godoro lake "Raha ya Kifalme." Jina zuri, sikatai, ila hakuna aliyelitamka. Mama Jina aliporudi hakukaa ofisini hata kidogo. Alikwenda madukani, akasimama pembeni akijifanya anachagua mito, akawasikiliza wanunuzi. Hakumsikia hata mmoja akiomba Raha ya Kifalme. Walisema, "Nipe lile alilokalia Shangazi." Kumbe madereva wa lori walikuwa wamelitembeza lile neno mji mzima bila kutumwa, na watu wakalishika.

Alirudi mbio. "Kaka," alimwambia ndugu yake, aliyekuwa mkuu wa mauzo na mpenzi mkubwa wa kuvaa tai, "jina tunalo tayari. Liko midomoni mwa watu. Sisi tunabandika jingine juu yake."

Kaka akakunja uso. "Shangazi ni jina la godoro hilo? Watu watatucheka. Na kwanza chema chajiuza, hakihitaji makelele."

"Chema chajiuza kwa anayekijua. Kwa asiyekijua kinalala stoo kikiliwa na panya."

Walibishana mpaka chai ikapoa. Mwishowe yakachapwa mabango: Shangazi juu ya godoro la mistari ya kahawia, mikono kifuani, uso umekauka, na chini maneno mawili tu: "Shangazi Amekalia." Basi. Mwaka haukwisha, mtu akinunua godoro jingine majirani wakamwuliza kwa huruma kama ana shida nyumbani.

Tangu hapo kazi kubwa ya Mama Jina ikawa kukataa. Kaka alikuja na wazo la mito ya Shangazi, akakataa. Akaja na wazo la viti, akakataa. Siku alipokuja na sampuli ya ndala zenye picha ya Shangazi kwenye soli, Mama Jina alizigeuza huku na huku akauliza, "Hizi nazo amezikalia?" Kaka akaondoka na ndala zake kwa hasira. Lakini dada mtu alikuwa na msimamo wake, na hakuyumba: jina ni ahadi, na ahadi ukiigawa kwa kila apitaye haibaki ahadi, inakuwa salamu tu.

Mambo yalikwenda hivyo, mazuri, hadi siku Mama Jumla alipopiga simu.

Mama Jumla alikuwa wakala wao mkubwa. Duka lake lilikuwa na milango sita, na mawakala wengine wote walimtazama yeye kwanza kabla ya kuagiza chochote. Akipiga chafya, soko lote linatafuta leso.

"Mama Jina, njoo dukani," alisema. "Njoo peke yako. Ukija na kaka yako nitamtukana, na leo nimeamka vizuri sitaki kujiharibia."

Mama Jina alimkuta amesimama juu ya godoro lililotandazwa sakafuni, kiatu kimoja mkononi. Katikati ya godoro palikuwa na bonde. Si kibonyeo, bonde hasa.

"Limerudishwa na mteja," Mama Jumla alisema. "Halijamaliza hata miezi mitatu. Yeye na mumewe wamenuniana, hawasemeshani wiki nzima. Kila mmoja analala pembeni kwake na kisirani chake. Lakini kila asubuhi wanaamka wamekumbatiana katikati, wapende wasipende. Mwanamke amekuja hapa analia. Anasema, nitamnunia vipi mume wangu na godoro hili?"

Mama Jina alitaka kucheka, akajizuia. Alipiga goti, akaingiza mkono chini ya kava. Sponji ilikuwa laini kama mkate mbichi.

"Yako mengine?"

"Manne. Nimeyafungia nyuma watu wasiyaone." Mama Jumla alivaa kiatu chake, na sauti ikashuka. "Mwanangu, nakuheshimu, ndiyo maana nimekuita. Siku ya maagizo ya mwaka inakaribia. Kuna hawa wenye kiwanda kipya, mistari yao inafanana na yenu, na wanakuja dukani kwangu kila wiki kunibembeleza. Mimi siuzi magodoro, nauza neno langu. Nikimwambia mteja Shangazi amekalia, awe amekalia. Niambie, amekalia au hajakalia?"

"Amekalia," alisema Mama Jina, na alikuwa na hakika. Hilo ndilo lililomtisha.

Alirudi kiwandani na lile godoro juu ya gari. Alianzia kwa mchanganya dawa, mtu mpole aliyefanya kazi hiyo tangu enzi za mzee. Hakumgombeza, aliuliza tu mambo yanaendaje.

"Mambo safi kabisa!" jamaa akajibu kwa furaha. "Tena nilitaka nikwambie. Zamani Shangazi alikuwa akikataa, mimi naongeza dawa nzito. Akipitisha siku nyingi, napunguza kidogo tusiipoteze bure. Ndivyo alivyonifundisha mzee. Sasa tangu mwaka huu uanze Shangazi hajakataa hata moja! Nimepunguza, hajakataa. Nimepunguza tena, hajakataa. Nadhani mkono wangu umekomaa."

Mama Jina alimtazama yule mtu na uso wake wa furaha. Mtu huyu alikuwa amefuata kipimo, na kipimo kilikuwa kikimwambia ndiyo. Akaita vijana wawili wa lori, wakaliweka lile godoro lililorudishwa juu ya jukwaa.

"Shangazi, nisaidie. Likalie hili."

Shangazi alilikalia. Akakunja mikono, akatazama juu. Likambeba. Ndiyo, lile lile lenye bonde, lililowapatanisha watu kwa nguvu, lilimbeba Shangazi kama kawaida.

"Liende," alisema Shangazi. Lakini hakumtazama mpwa wake usoni, akajishughulisha na kifungo cha gauni.

Mama Jina alichanganyikiwa. Akadhani labda Shangazi amechoka, labda uzee, labda amemuudhi kwa kumjaribu mbele ya watu. Akapanda jukwaani akamkumbatia kumtuliza, kama alivyomkumbatia tangu utotoni. Na hapo akashtuka. Vidole vyake vilikutana mgongoni kwa Shangazi. Havikuwahi kukutana. Alipokuwa mdogo lilikuwa shindano lao, yeye na kaka yake, nani ataweza kumzunguka Shangazi, na hakuna aliyewahi kushinda. Sasa mikono ilikutana na kubaki na nafasi, na chini ya viganja alihisi gauni, na chini ya gauni gauni jingine, na chini ya hilo jingine tena.

"Twende ndani," alinong'ona.

Wakaingia stoo ya makava, Mama Jina akafunga mlango. Shangazi akaketi juu ya robota la kitambaa, nalo halikulalamika.

"Daktari," alisema kabla ya kuulizwa. "Presha, na sukari. Aliniambia, mama, chagua, mwili huu au wajukuu. Nikamwambia sina wajukuu. Akasema basi chagua mwili huu au kesho. Nikachagua kesho." Alijipapasa magauni yake. "Nikaanza kutembea kila alfajiri. Nikaacha hiki, nikapunguza kile. Nikadhani nitapungua kidogo tu, cha kuwafurahisha madaktari. Loo! Mwili ukaanza kuondoka kama mgeni aliyekumbuka ana nyumba yake."

"Sasa Shangazi, si habari njema hiyo! Kwa nini ulificha?"

"Habari njema kwa nani?" Sauti ya Shangazi ilipasuka. "We mtoto umenibandika mji mzima! Nikipita sokoni watu wananionyesha watoto wao. Mimi sina mume, sina mtoto, nyumba yangu ina kiti kimoja. Nilicho nacho ni lile jukwaa. Nikuambie vipi kwamba yule wa kwenye bango ameondoka, amebaki huyu? Nikaongeza gauni. Nikipungua, naongeza jingine. Na hili joto la mabati, nilikuwa naiva humo ndani."

Mama Jina alimshika mkono. Aliona haya, na aliona uchungu. "Na magodoro, Shangazi? Hukuhisi?"

Shangazi alitazama kiganja chake. "Nilihisi," alisema. "Mkono ukigusa tu, najua. Lakini nikikaa, linanibeba. Sasa nikisema hapana wakati limenibeba, mtauliza kwa nini. Nitasema nini? Basi nikawa nasema liende. Kila siku liende, liende. Mwanangu, tangu nianze kusema liende, sijalala usingizi wa maana."

Wakalia, wote wawili, kimya kimya, kisha Shangazi akapenga kamasi kwenye kitambaa cha kava jipya, na kwa mara ya kwanza katika historia ya kiwanda Mama Jina hakusema kitu.

Jioni hiyo hiyo walikaa ofisini watatu, Kaka akiwa amelegeza tai. Alisikiliza mpaka mwisho, akaguna.

"Si arudishe tu mwili," alisema. Alipoona namna wanavyomtazama, akainua mikono. "Natania! Jamani natania. Haya, sikilizeni. Tunaongeza dawa kuanzia kesho, kimya kimya. Shangazi anaendelea na magauni yake mpaka siku ya maagizo ipite. Yaliyouzwa yameuzwa. Nani atajua?"

"Mama Jumla anajua."

"Tutamtuliza."

"Yule mwanamke na mumewe wanajua, kaka. Kila asubuhi wanajulishwa."

Shangazi akacheka bila kupenda. Kaka hakucheka. Alikuwa mtu wa mauzo, na hofu yake haikuwa ya kijinga. "Ukienda mbele ya mawakala ukasema kipimo chetu kilikosea," alisema, "wale wa kiwanda kipya watachinja ng'ombe. Mawakala watahama siku ile ile. Wakihama, washonaji wote hawa wanarudi nyumbani. Umelifikiria hilo?"

"Nimelifikiria," alisema Mama Jina. "Nimelifikiria kuliko wewe. Mficha maradhi kifo humuumbua. Tukisema wenyewe, tumekosea. Wakigundua wao, tumewadanganya. Mtu aliyekosea unamsubiri ajirekebishe. Aliyekudanganya unamtafutia mbadala. Na hawana haja ya kutafuta mbali, mbadala uko mtaa wa pili na una mistari kama yetu." Akasimama. "Kaka, wewe uza. Jina niachie mimi, ndivyo tulivyogawana."

Kaka alikaza macho kwenye meza. Halafu akavua tai kabisa, akaikunja, akaitia mfukoni. "Haya," alisema. "Ukituzamisha tutazama pamoja."

Kesho yake Mama Jina aliagiza mchanga. Shangazi alitaja uzito wake wa enzi zile, alioambiwa zahanati siku ya kwanza, kwa sauti ya chini kama anayetaja jina la mpenzi wa zamani, na washonaji wakashona mfuko wa turubai wa kujaza uzito huo huo. Hawakuridhika na mfuko wa kawaida. Wakautengeneza ukiwa na umbo, tena umbo kamili, kila kitu mahali pake. Kiwanda kizima kikaja kutazama.

Shangazi aliuzunguka mara mbili. "Kiuno mmenizidishia," alisema. Wakaangua kicheko. Lakini walipotawanyika, Mama Jina alimkuta bado amesimama pale, kiganja juu ya turubai.

"Basi mimi kwisha," Shangazi alisema. "Mchanga umechukua kazi yangu. Nitakuwa nakuja kuwasalimu."

"Shangazi, mchanga unajua kukaa tu. Haujui kukataa."

"Maneno matamu hayo. Hiyo ndiyo kazi uliyosomea."

"Siyo maneno. Hivi unadhani watu walinunua makalio yako? Wanene wako wengi mjini. Watu walinunua ile hapana yako. Walijua kuna mahali mtu mmoja hapepesi macho, kitu kibaya hakimpiti. Siku uliyoacha kusema hapana ndiyo siku tuliyoharibikiwa, wala siyo siku uliyopungua." Mama Jina alikuwa amepandisha sauti bila kujua. "Mimi naihitaji hapana yako. Mwili wako ni wako, nenda nao utakako."

Shangazi alimtazama mpwa wake, akapepesa kope kama anayezuia machozi, kisha akaenda zake kunywa chai isiyo na sukari.

Siku ya maagizo mawakala walijaa kiwandani mpaka mlangoni. Viti vilipangwa kuelekea jukwaani, na Mama Jumla alikaa mstari wa mbele, mkoba mapajani, uso kama kufuli. Walizoea hotuba na soda. Mama Jina hakuwapa hotuba. Aliwaambia yote kwa mdomo wake: kwamba kipimo chao kilikuwa Shangazi, kwamba Shangazi alipungua, kwamba dawa ikapungua naye, kwamba kila godoro lililotoka tangu mwaka uanze lirudishwe na mwenye nalo apewe jipya, na gari la kiwanda litalifuata. Alisema hivyo kisha akanyamaza. Kosa kubwa la wanaoomba radhi ni kuendelea kusema.

Minong'ono ikapanda. Wakala mmoja mrefu, mwenye miwani, akasimama. "Kwa hiyo mwaka huu mlituuzia picha."

"Ndiyo," alisema Mama Jina. "Mwaka huu tuliwauzia picha. Ndiyo maana tumewaita."

Yule wakala alikuwa amejiandaa kubishana. Akakosa wa kubishana naye, akakaa.

Ndipo Shangazi akatoka ndani. Alikuwa amevaa gauni moja. Moja tu, la kijani, lililokatwa kwa mwili wake wa sasa. Watu wakavuta pumzi kwa pamoja. Mtu nyuma akasema, "Huyu ni Shangazi kweli?" Shangazi akamsikia. "Ni mimi, baba," alisema. "Mwingine yule pale, kwenye turubai. Yeye ni wa kukaa. Mimi nimebaki na mdomo."

Kicheko kikavunja ukimya kidogo, na Kaka akaona nafasi. Alikuwa amechagua godoro mwenyewe tangu asubuhi, jipya, dawa nzito, zuri kuliko yote yaliyokuwepo. Vijana wakaliweka jukwaani, wakaupandisha ule mfuko wa mchanga juu yake. Godoro likaubeba. Halikutikisika, halikubonyea, lilisimama imara kama kitanda cha mbao. Mawakala wakaanza kutikisa vichwa kwa kuridhika. Kaka akatabasamu mpaka masikioni.

Shangazi hakutabasamu. Alipiga magoti pembeni, akapitisha kiganja polepole upande mmoja, kisha wa pili. Akarudi wa kwanza. Akabonyeza kona. Akafunga macho.

"Hapana," alisema.

Hata mashine zingekuwa zinaunguruma zingenyamaza. Kaka aliinama haraka, tabasamu bado limegandia mdomoni. "Shangazi," alinong'ona, na mstari wa mbele wote ulimsikia, "leo tu. Nakuomba. Leo tu."

Shangazi aligeuza kichwa akamtafuta Mama Jina kwa macho. Mama Jina aliona waziwazi kilichomo machoni mwake: niambie sasa kama yale maneno ya juzi yalikuwa matamu tu. Nyuma ya Shangazi walikaa mawakala wote wa mji na maagizo ya mwaka mzima. Nyuma ya mawakala, mlangoni, walisimama washonaji wakiwa wameshikana mikono.

Mama Jina hakusubiri moyo wake utulie, maana haungetulia. Alipanda jukwaani akashika godoro kwa pembe.

"Mmesikia," alisema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani. "Lirudi ndani."

Akalivuta yeye mwenyewe. Mfuko wa mchanga ukaporomoka ukaanguka kwa kishindo, na hakuna aliyecheka. Baadaye wakataji walipolipasua walikuta tundu la hewa kwenye ile kona, kubwa kama kikombe. Lakini hayo yalikuwa ya baadaye, na pale jukwaani hakuna aliyesubiri kuonyeshwa.

Mama Jumla alikuwa ameshasimama. Alifunga mkoba wake, na Kaka, akiona mkoba unafungwa, akafumba macho.

"Mimi nimekuja hapa miaka mingi," alisema Mama Jumla, akiwatazama wenzake si wenyeji. "Nimewasikia wenye viwanda wote wakinisifia vitu vyao. Leo ni mara ya kwanza kumsikia mtu anakikataa cha kwake mbele yangu, na mimi nina hela mkononi." Akamgeukia Mama Jina. "Niandikie kama mwaka jana. Halafu ongeza. Na lile bango lako la zamani libandue, mama huyu amependeza kuliko lile."

Basi tena! Viti vikasukumwa, watu wakapanga mstari, yule mrefu mwenye miwani akiwa wa pili na akijifanya hajasema kitu. Kaka alitafuta kalamu kwa mikono miwili, machozi yakimtoka, akidai ni vumbi la sponji.

Shangazi hakuwatazama. Alikuwa bado amepiga magoti pale jukwaani, ndani ya gauni lake la kijani, akipangusa mikono.

"Vijana," aliita, "mmesimama mnangoja nini? Leteni lingine."